Jina Juu ya Bahasha

Bukavu, 14 Novemba 1999

Mama mpendwa,

Uko aje huko Luhwindja? Goti limepoa? Mimi niko mzima, nafundisha, nakula, naswali. Muhogo uliompa Cyprien mchuuzi umefika.

Mama, ni miaka mitatu tangu nisilimu, na bado juu ya bahasha unaandika Edouard. Shuleni, msikitini, kwenye komite yetu ya kutafuta watu waliokamatwa, wote wananiita Idrisa. Umebaki wewe tu. Niandikie jina langu hata mara moja, nifurahi.

Mtoto wako,
Idrisa


Luhwindja, 28 Novemba 1999

Edouard mtoto wangu,

Nakusalimu kwa jina la Bikira Maria, upende usipende. Goti ni lile lile. Jina lako ulipewa kwa maji ya ubatizo, marehemu baba yako akiwa amekushika. Nikisema Idrisa, naona kama namwita mtoto wa jirani. Hapana.

Nina habari mbaya. Ndugu yangu Venant, tonton wako, askari walimchukua kwenye bariere yao ya barabarani Jumatatu akirudi kutoka machimboni. Walisema: “Huyu muzee iko anapelekea watu wa pori chakula.” Hatujamwona tena. Hapa hakuna anayetaja jina lake, hata baada ya misa, hata mimi. Naogopa. Wewe pia nyamaza. Sina mtoto mwingine.

Mama yako


Bukavu, 16 Januari 2000

Mama,

Pole, na pole tena. Natumaini unalala.

Sikunyamaza. Ijumaa baada ya swala nilisimama nikasoma majina ya waliochukuliwa, arobaini na moja. La tonton Venant nililisoma la kwanza. Wazee ambao hawakumjua walimwombea, yeye Mkristo na rozari yake mfukoni. Kisha tukapeleka orodha kwa wakubwa wa askari, na mimi nikatia sahihi: Idrisa. Tangu jana kuna gari linasimama mbele ya shule.

Mtoto wako,
Idrisa


Bukavu, 24 Januari 2000

Mama,

Salamu fupi. Walikuja shuleni wakimtafuta Idrisa, nikatoroka kupitia dirishani. Niko kwa shangazi, tantine Colombe. Cyprien peke yake ndiye anajua. Nimenyoa ndevu na nimetoa karte yangu ya zamani ya kitambulisho, yenye jina Edouard. Majirani wananiita Edouard, nami naitika.

Jina Idrisa liko kwenye karatasi ya askari wa bariere, na wanapekua kila mzigo. Usiliandike popote. Cyprien ameondoka leo asubuhi na barua yangu ya tarehe 16, nami nikasahau kumwambia akuonye. Hata ukimpa bahasha yenye jina hilo hatajua, maana hajui kusoma. Hii nampa Eulalie, muuza samaki, anayekuja kwenu kesho. Kwa mara ya kwanza nashukuru kwamba wewe ni mkaidi.

Mtoto wako


Luhwindja, 30 Januari 2000

Mtoto wangu Idrisa,

Unaona? Mkono haukukatika. Uko mzima? Cyprien amefika na barua yako ya tarehe 16. Anasema sasa unakaa kwa Colombe, vizuri, atakupikia.

Habari ya Venant niliisoma mara nne, nikalia hadi jirani Françoise akaja. “Mama Agathe, mutoto wako iko na roho ya nguvu,” akasema. Watu wasiomjua ndugu yangu walimwombea, na mimi dada yake nilifunga mdomo. Nimeona aibu.

Basi, ulichoomba nimekupa. Tazama juu ya bahasha: IDRISA, herufi kubwa kabisa. Cyprien anaondoka kesho alfajiri. Ucheke ukiipokea.

Mama Idrisa


Luhwindja, 3 Februari 2000

Mtoto wangu,

Uko mzima? Niambie kwamba uko mzima. Eulalie amefika leo tu, njia aliyopita ilifungwa siku nane. Barua yako nimeisoma mlangoni nikiwa nimesimama, kisha nikakimbia hadi barabarani na goti hili, kana kwamba ningemkuta Cyprien. Ana siku tatu njiani.

Nilikunyima jina miaka mitatu. Laiti ningekunyima wiki moja zaidi!

Toka kwa Colombe. Usimsubiri Cyprien. Eulalie amekubali kurudi leo hii. Juu ya bahasha nimeandika Edouard.

Mama yako


Luhwindja, 27 Februari 2000

Mtoto wangu,

Salamu, popote ulipo. Cyprien hajarudi. Eulalie alikuta mlango wa Colombe una kufuli, na majirani hawakutaka kusema kitu. Barua yangu ameirudisha haijafunguliwa.

Leo baada ya misa nilisimama mbele ya watu wote. Nikataja Venant. Nikataja Cyprien, nikataja Colombe. Halafu wewe: nilitaja majina yako yote mawili, Edouard na Idrisa, ili anayekuombea asikosee. Françoise akaanza kusali, na wengine wakamfuata.

Kama unaweza, niandikie hata mstari mmoja. Hii nimeimaliza na sijui nimpe nani aipeleke.

Mama yako