Siku Niliyokabidhiwa Kitabu cha Maulidi

Wawi, Pemba

Mjukuu wangu Salma, mke mwenzangu,

Salamu zako zimefika. Babu yako anakohoa lakini ukali uko palepale, na mama yako anachuma karafuu.

Umeniuliza maneno “authority” na “ability” yana tofauti gani, maana wewe yote mawili unayaita uwezo. Kiingereza changu kidogo, ila hilo nalijua.

Miaka ile baada ya Mapinduzi, nikiwa mwari, sauti yangu ilisikika mpaka barabarani. Lakini kwenye maulidi ya wanawake hapa kwetu, wa kusema nani asome alikuwa Bi Mize peke yake. Kila Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, nilikaa ubavuni mwake.

“Subiri, mwanangu,” huniambia. “Wakubwa kwanza.”

Nikasubiri mpaka mama yako akaolewa. Bi Mize alipougua, akanikabidhi kitabu mbele ya watu. Nikaanza kusoma, sauti ikakwaruza, ikakatika. Wenzangu wakaitikia kwa nguvu mno, wapate kunisitiri. Bi Mize, ameegemea ukuta, akajifunika uso kwa kanga.

Vyote viwili nilivipata, Salma, ila havikuwahi kukutana.

Bibi yako,
Riziki