Bastola Niliyochelewa Kukununulia

Kaka Vuai,

Salamu zangu sijui zitakufikia kwa njia gani, lakini nazituma. Jana shemeji Mwanakheri katoka eda. Kavaa kanga mpya, kafagia uwanja mwenyewe, kisha kakaa kizingitini akalia kama siku ile ya kwanza. Wanao wazima. Yule mdogo kaota meno mawili ya chini na anamuuma kila anayembeba.

Chui tumemuua. Natanguliza hilo kwa kuwa najua ndilo ungeuliza mwanzo.

Lakini kuna jambo la kabla ya chui, na nisipoliandika sasa sitaliandika tena. Mwaka jana ulikuja mjini ukanikuta gereji, mtaa wa Malindi, nimelala chini ya lori. Ukachutama, ukaniambia, "Simai, nitafutie silaha inayopiga zaidi ya mara moja. Hili gobori likishalia mara moja, basi, nimebaki na fimbo." Nikacheka, nikakwambia nitatafuta. Sikutafuta, kaka. Mie niliyekwenda vitani Burma nikaziona silaha za kila namna, nlijua vizuri unasema nini. Nlihofu bei. Nlihofu utaniambia nichangie. Ndiyo hivyo.

Siku uliyompiga chui bega, akakugeukia nawe ungali unashindilia baruti, mie nlikuwa bandarini napakia mbata. Nilipofika kijijini kaburi lishafukiwa.

Baada yako yule chui alizidi. Alikuwa anachechemea, hawezi tena kukimbiza paa wa mwituni, akaanza kuja majumbani. Alichukua mbuzi wa watu watano. Alimrukia Bi Hasina akichanja kuni, akamchana mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni. Bi Hasina kapona, lakini hanyooki.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwamba huyu si chui wa mwituni, ni wa kufugwa, ana bwana wake anayemtuma. Na bwana mwenyewe eti ni baba mkwe wako, Mzee Makame. Ushahidi? Mbuzi wake hawajaguswa. Hawajaguswa kwa sababu analala nao ndani, ukiingia kwake huwezi kuvuta pumzi! Lakini Pandu, yule mwenzio wa usasi, alisimama baada ya sala ya Ijumaa akauliza kwa sauti, "Mbuzi wa kila mtu wanaliwa, wa Mzee Makame wazima. Hamlioni?" Na watu wakaliona.

Juma lile wakamng'olea mihogo yake yote. Juma lililofuata mtu alitia moto ukingoni mwa paa lake, mchana kweupe, watu wakiwa shambani. Mwanakheri, mwanamke yumo ndani ya eda, ilibidi atoke mbio na ndoo ya maji. Mzee alimwambia, "Rudi ndani, mwanangu. Hao watachoka." Mie nlijua hawatachoka. Chui akiishi mwezi mmoja zaidi, wataua mtu.

Nikasema nitaingia mwenyewe pangoni anakolala chui.

Ulilijua lile pango la maweni. Unaingia kwa viwiko, na bunduki ndefu haigeuki humo. Nilikwenda kwa Mudiri wa serikali akanipa barua, nikaipeleka kwa Bwana Shauri, mkubwa wake wa wilaya, pamoja na cheti changu cha jeshi. Aliniuliza kwa nini nataka bastola na si bunduki. Nikalala sakafuni ofisini kwake nikamwonyesha jinsi mtu anavyotambaa mle. Karani wake akacheka, yeye hakucheka. Aligonga muhuri akasema, "Kwa chui tu. Akifa chui, nijulishe."

Dukani kwa Mgoa muuza silaha, kule Hurumzi, nilitolewa bastola mbili zikawekwa juu ya kitambaa. Moja ndogo, nyepesi, inaingia mfukoni. Risasi zake nyembamba, zipo tele, hata mie nlizimudu. Ya pili nzito, mtutu mpana, naikumbuka viunoni mwa maofisa wa vitani. Hii hujishindilia yenyewe: ukivuta triga inatoka moja, nyingine inapanda mahali pake, hadi saba. Risasi yake nene kama ncha ya kidole gumba. Nikaulizia risasi, Mgoa akakuna kidevu. Zinatoka Mombasa, kwa kuagiza, na ghali. Alizokuwa nazo ni ishirini tu, zimebaki toka wakati wa vita.

"Chukua ndogo," akaniambia. "Nyumbani mwako inatosha. Mwizi akiisikia atakimbia."

"Si mwizi. Ni chui, na nitakuwa naye karibu kama mie na wewe."

Akaiondoa ile ndogo mezani.

Bastola niliilipa kwa akiba yangu ya miaka. Fedha ya risasi haikupatikana humo. Niliuza baiskeli, kaka, ile ya kijani, na Bi Zuwena mke wangu hajanisamehe mpaka leo. Sasa nakwenda gereji kwa miguu kutoka Kiembe Samaki. Mgoa alinihesabia risasi zote ishirini moja moja kama mayai, kisha akanishika mkono. "Usiziweke zote. Bastola usiyoizoea ni jiwe tu. Piga nane kwanza."

Nane! Nilikwenda nazo maweni, nikasimamisha kumbi la nazi juu ya jiwe hatua sita mbele yangu. Ya kwanza ilinirusha mkono hadi juu ya kichwa. Ya pili sijui ilikwenda wapi. Kila ikilia naona gurudumu la baiskeli linaondoka. Ya tano na ya sita nikalipata kumbi, likasambaratika. Ya saba ikagoma. Nilivuta triga ikasema tik, basi. Risasi ilikuwa imekufa kwa uzee. Ya nane ikalia sawasawa.

Basi nikabaki na kumi na mbili, na katika hizo sijui zipi nzima zipi maiti. Usiniulize kama nililala.

Asubuhi ya kuingia walikuja wanaume saba na mikuki na mbwa. Nlihitaji mtu mmoja wa kunishikia tochi nyuma ya bega langu. Wote wakatazama chini. Mzee Makame akasogea akasema, "Ntashika mimi."

Pandu akaruka. "Asiingie huyo! Atamwambia akimbie!"

Mzee akampita. Alivua kanzu, akaikunja, akaniuliza mie, "Mkono gani unataka mwanga?" Nikamwambia wa kushoto. Nilipoinama kuingia nilitazama nyuma, nikaona mikuki ile saba. Haikuelekea pangoni, kaka. Ilimwelekea yeye.

Ndani mlinuka damu iliyooza. Tulitambaa, magoti yanachanika kwa mawe. Nlisikia pumzi za Mzee sikioni mwangu na pumzi nyingine mbele, nzito, za kukwaruza. Kisha mwanga ukampata. Alikuwa amejibana ukutani, bega lake limevimba lina usaha pale ulipompiga. Macho mawili. Nikapiga, risasi ikala jiwe, vumbi likatujaa machoni. Nikavuta tena.

Tik.

Wewe unaijua ile nafasi. Ulisimama papo hapo wewe, na gobori tupu mkononi. Mie nlikuwa na risasi nyingine chini ya ile iliyokufa, nikivuta chuma cha juu ya bastola kwa mkono wa pili itapanda, lakini vidole vyangu vilikuwa vya mtu mwingine. Chui akaruka. Mzee Makame akanipitia begani akaweka mkono wake na tochi katikati yetu. Nlisikia nyama ikichanika. Nikavuta chuma, nikaweka mtutu mbavuni mwa yule mnyama, nikapiga, nikapiga, nikapiga. Baadaye hatukusikia kitu, masikio yote yamekufa. Tumelala watatu, mmoja juu ya mwingine, na Mzee ananigonga mgongoni polepole kama unavyomgonga mtoto.

Ile bastola ndogo isingetosha. Hilo nakwambia kwa kuwa nimeliona.

Tulipomkokota chui nje, mkono wa Mzee umechanwa hadi mfupa, wengi waliteremsha mikuki. Begani mwa chui wakatoa vipande vya msumari ulivyovishindilia wewe. Wapo walioomba radhi palepale. Bi Hasina aliletwa akamtemea mate yule mnyama, kisha akambusu Mzee mkono ule mzima. Lakini Pandu alisema, "Hata mbwa humuuma aliyemfuga," akaenda zake. Nilimwonea huruma na hasira pamoja. Siku ile ya kwanza alikuwa nawe akakukimbia. Kila mtu anajua, yeye anajua zaidi.

Nlidhani mambo yamekwisha hapo. Sikumjulisha Bwana Shauri. Nlijiambia nitakwenda kesho, kisha kesho tena. Nlikuwa nimeshaizoea bastola kiunoni, kaka. Nlikuwa napita sokoni Darajani najihisi mrefu.

Mjini mambo yamebadilika tokea ulipoondoka. Mtu anakuuliza chama chako kabla ya kukuuliza hali. Kuna watu hawanunui sukari duka fulani, hawazikani. Siku moja alikuja gereji bwana mmoja wa makamo, kanzu safi, maneno laini. Jina lake silitaji. Akaniagizia kahawa. Alijua kila kitu: pango, tochi, risasi zilizobaki. "Saba," akasema mwenyewe, akitabasamu. Anataka kuinunua, bei mara mbili ya niliyotoa.

Nikamwambia risasi zake ghali, hazipatikani.

"Risasi usihofu. Zitakuja sanduku kwa sanduku."

Nikamuuliza, "Kwani mjini hapa kuna chui?"

Akamaliza kahawa yake. "Wapo," akasema. "Na sisi tunawajua majina."

Jasho lilinitoka kuliko la pangoni. Nikamwambia nitafikiri. Jioni ile ile nikasikia Pandu naye anaulizia kijijini, kama naiuza au naiazimisha, siku moja tu. Siku moja! Na mihogo ya Mzee Makame ndiyo kwanza imechipua.

Niliitoa bastola kiunoni nikaiweka juu ya meza mbele ya Bi Zuwena. Nikamweleza yote. Mara mbili ya bei, tungenunua baiskeli mbili na bati la paa. Aliifunika kwa upindo wa kanga yake. Kisha akaniambia, "Hicho chuma kilinunuliwa kwa kitu kimoja. Kirudishe."

Asubuhi nilikwenda kwa Bwana Shauri nikamwambia chui kafa, amekwisha kufa zamani, nimechelewa kusema. Karani akaandika namba ya bastola, akazihesabu risasi saba, akanipa karatasi. Sikulipwa hata senti. Nilipotoka nje mkono wangu ulikwenda kiunoni wenyewe, ukakuta shati.

Yule bwana alirudi. Hakukaa safari hii. "Umeturudisha nyuma," akaniambia. "Tutakukumbuka." Tangu hapo nakagua magurudumu ya lori kila asubuhi kabla ya kuliwasha, na Bi Zuwena hafungui mlango mpaka asikie sauti yangu. Nina hofu, kaka, sikufichi. Lakini hofu ile nyingine, ya kusikia bastola yangu imelia mahali na mtu kaanguka, hiyo sinayo.

Lile ulilonitaka sikulifanya kwa wakati. Nilipolifanya ulikuwa ushazikwa, na hakuna chui wala bastola itakayolisawazisha. Naomba radhi kwako. Naomba nikijua hutanijibu.

Nimebadilishiwa njia gereji. Sasa lori langu linakwenda kusini, njia ya kijijini. Kila Alhamisi nalala nyumbani kwako barazani, na Mzee Makame sasa analala humo ndani na mbuzi wake, mkono haukunjuki tena. Wanao watasoma, hilo nimelishika mie na Mwanakheri. Na hili nakuahidi mbele ya Mungu: yeyote atakayemwendea mzee yule, na moto au na mkuki, atanikuta mie mlangoni, mikono mitupu, na itabidi anipite.

Lala salama, kaka yangu.

Nduguyo,
Simai