Ukili Niliokupokonya

Bibi, shikamoo.

Nakuomba, isome peke yako. Babu usimwonyeshe huko mliko, unaujua mdomo wake. Neno moja likimfikia chefe, mkubwa wetu, kazi sina.

Mjukuu wako ni karani hapa Quitunda, kwenye kituo ambako wazee hushinda mchana na jioni hurudi kwao. Kila siku naandika walichofanya, na chefe anataka neno moja tu: "Wamepumzika." Familia nazo ndivyo zinavyotaka. Mzee kushika kazi kijana akiwapo, aibu ni ya kijana.

Nami ndivyo nilivyokufanyia. Tulipohamia nyumba hii ya matofali nilikupokonya ufagio, ndoo, mwisho hata ukili wa mkeka uliokuwa ukisuka. "Pumzika, Bibi." Ukasema, "Mume wangu, unanizika hai?" Nikacheka. Baadaye ukalisahau jina langu. Mume, hilo hukulisahau.

Nilimwuliza muuguzi wetu, Dada Amina, kama maradhi yale nilikuletea mimi. Akasema usahaulifu ule hauna sababu moja, wala hakuna awezaye kuahidi kuuzuia. Ila kutembea, kuzungumza na watu, kutunza presha, kusikia vizuri, kuipa akili na mikono shughuli, vyote hupunguza hatari. Kesho yake nikaleta miyaa ya kusukia, chefe asijue.

Ungewaona, Bibi! Asubuhi wanazunguka uwanja, kisha wanakaa kusuka. Mzee Bakari alikuwa kimya miezi mingi, tukadhani akili imeondoka. Dada Amina akamsafisha masikio, akatoa nta. Neno lake la kwanza: "Kumbe Bi Zuhura ana kelele hivi!" Bi Zuhura akamjibu, "Ungebaki kiziwi, tulikuwa tunakupenda." Nami pia hanisazi: "Karani, ukili wako kama mkia wa panya."

Juzi gari la chefe likaingia bila taarifa. Wazee wenyewe wakakalia ukili wao, wakafumba macho. Mzee Bakari akakoroma kwa bidii mno. Chefe akaridhika, akaondoka. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Kisha Bi Zuhura akautoa ukili wake, umevunjikavunjika. "Mwanangu, leo tumekusitiri. Lakini sitaikalia kazi yangu kila siku kama mwizi."

Ulikuwa wewe kabisa, Bibi.

Basi siri yetu ni ya leo tu. Kesho nitaandika: "Wametembea, wamesuka, wamebishana." Nitampelekea chefe kwa mkono wangu, na Dada Amina atanisindikiza. Naogopa, lakini nakuahidi.

Ukinitaka, usinijie ndotoni, unajua nilivyo mwoga. Njoo saa nne asubuhi, benchi la pili kutoka mlangoni. Ukili wako ninao, nauendeleza ulipoishia. Upande wako umenyooka. Ufuate mpaka unapoanza kupinda, hapo utanikuta.

Mungu akulaze pema.

Mume wako