Maji Hayafiki Chini ya Gunia

Jumapili, 3 Agosti
Samahani, daftari langu, kwa kukaa muda wote huu bila kuandika. Tangu Rahma aanze kuota meno sijashika kalamu. Leo tena ndoo mbili kutoka bombani mpaka juu ya paa, mtoto mgongoni. Kikombe kimoja kila gunia la mboga, kama kila siku. Spinachi inazidi kuwa njano. Mama ntilie wa chini kairudisha. Na tangu nijifungue sina kazi nyingine.

Jumatano, 6 Agosti
Mzee Kondo, msimamizi wa jengo, kapanda. Kasema Jumamosi ya wiki ijayo magunia yasiyo na mboga ya maana yanashuka. Jirani yangu Mama Zuhura akadakia: "Mama Rahma, mboga umeshaitia binzari kabla ya kuipika?" Nimemchukia.
Samadi niliweka nyingi, nusu yote ya chini. Sasa mboga zinakosa nini?

Ijumaa, 8 Agosti
Nimepasua gunia moja kati ya manne. Imeniuma. Juu udongo umelowa, kina cha kiganja tu. Chini vumbi. Samadi kavu kama nilivyoiweka. Mizizi yote imejikunja huko juu kwenye unyevu. Chakula kipo, maji ya kukiyeyusha hayajafika. Kikombe changu ndicho kilichoidekeza mizizi. Kwetu Masasi mvua inazama yenyewe. Gunia si shamba.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeomba kokoto kwa mafundi wa ghorofa linalojengwa jirani. Nimechimba shimo refu katikati ya kila gunia lililobaki, nikajaza kokoto ili maji yapite mpaka chini, nikamimina ndoo nzima polepole. Mama Zuhura akapiga kelele, namaliza maji ya watu. Nikamjibu nabeba mwenyewe, kwa mgongo huu huu wenye mtoto.

Jumatano, 13 Agosti
Nimechomeka kijiti mpaka chini. Kimetoka na udongo mbichi. Majani bado njano. Juu pakavu, natamani kumwagia. Simwagii. Mizizi ishuke. Nikikosea, Jumamosi sina kitu. Nimemfokea Rahma, kisha nikalia naye.

Jumamosi, 16 Agosti
Mzee Kondo kaja na wabebaji wawili. Gunia moja limekufa. Mawili yana majani mapya katikati, kijani kizito. Akagusa juu. "Mbona pakavu, mama?" Nikampa kijiti. Akachomeka, akakichomoa kimelowa, akakitazama. Halafu: "Haya mawili yabaki."
La tatu likashuka. Sikulitazama.

Jumapili, 17 Agosti
Rahma kalala. Mama kapiga simu kutoka Masasi, kuna mtu anakuja na basi, nimwambie ninachohitaji.
Mbegu za mlenda, fundo moja.
Magunia mawili ya korosho, yasiyotoboka.
Samadi ya mbuzi, ndoo moja.
Kanga yake moja kuukuu. Hii ya kumbebea Rahma imechanika.