Saa za Mama Darajani

Dada yangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Wifi yako anakusalimu, kikohozi kimemwachia. Paa la jikoni bado linavuja palepale ulipokuwa ukiweka ndoo. Fundi ni maneno matupu, kila siku kesho.

Umeniomba nimtafute hapa ofisini mtu aliyeandika kwamba kulikarabati daraja la waenda kwa miguu ni hasara tupu. Unasema utamuuliza swali moja tu: je, alimwona mama?

Alimwona. Alikaa pale darajani siku tatu na daftari lake, akihesabu wapitao, ili gharama ya mbao na vyuma ilinganishwe na muda ambao watu wangeokoa. Kanuni yetu inasema saa ya mtu ina thamani ya mshahara wake. Asiye na mshahara, saa yake ni sifuri. Mama alipita mara nne kwa siku, ndoo kichwani, na kila mara alisimama akauliza, "Umekula lakini, mwanangu?" Kisha alama yake ikaingia kwenye safu ya sifuri.

Tangu daraja likatike naye akiwa katikati, tangu tumzike, kila nikilifungua daftari lile nasikia hatua zake kwenye mbao. Zinakuja, zinasimama kando ya kiti changu. Haulizi habari za daraja. Anauliza kama nimekula.

Sahihi iliyo chini ya ripoti ile, dada, ndiyo hii ninayoiweka hapa.

Mdogo wako