Protoni Thelathini na Moja

Vienna, 9 Desemba 1927

Dada yangu mpendwa Resi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kikohozi cha Mama kimepungua. Mimi ni mzima, ila macho yananiwasha na moyo haujatulia. Umeniandikia kwamba Jumatatu unatia sahihi ya kutengana na shemeji Alois. Tafadhali, soma kwanza haya yote.

Kazi yangu unaijua: kukaa gizani nusu saa mpaka macho yazoee, kisha kuchungulia kwa hadubini kioo kilichopakwa dawa. Protoni ikichomoka ndani ya atomi ikagonga kioo, kinamulika mara moja, nami nahesabu. Daktari Wessely hutuambia asubuhi idadi anayoitarajia, nasi tunaipata. Ndivyo alivyopata jina.

Wiki iliyopita akaja Mwingereza, Bwana Pargeter, mpole kupita kiasi. Haki ya Mungu, sikumwamini! Kwao wanahesabu chache kuliko sisi, nikajua kaja kutuharibia. Nilimkuta akinong'ona na mwenzangu Irmgard, nilipoingia wakanyamaza. Kumbe na huyu! Kikulacho ki nguoni mwako. Nikawa natembea na daftari langu kwapani. Irmgard akanitania eti naatamia protoni kama kuku, nikamwambia akawatanie wa rika lake.

Juzi mgeni aliomba apange vifaa mwenyewe, sisi tukiwa gizani. Nilihesabu thelathini na moja, idadi ileile ya Daktari, nikatoka kifua mbele. Hapo mgeni akatuonyesha madini ya mionzi, ambayo bila hayo hakuna protoni inayochomoka: yalikuwa yamefungiwa kabatini tangu asubuhi. Irmgard alikuwa ameandika mbili tu. Na ule mnong'ono, kumbe mgeni alikuwa akimuuliza Irmgard wapi atamnunulia mkewe keki. Daktari alivaa kofia akaondoka bila kuaga.

Dada, sikudanganya. Niliziona moja moja kwa macho haya. Hazikuwepo.

Sasa nakuungamia. Ile siku niliyokwambia nimemwona Alois stesheni amemkumbatia mwanamke, wewe mwenyewe ulikuwa umeniambia: nenda kamtazame, lazima yuko naye. Moshi wa treni ulikuwa umetanda. Nilimwona mwanamume mwenye koti la kahawia. Uso sikuuona, dada. Nilikwenda nikimtarajia Alois, nikamwona Alois.

Usitie sahihi kwa ushahidi wa macho yangu. Muulize mwenyewe, umsikilize.

Mpe Mama salamu zangu nyingi. Na Alois, ukimfungulia mlango, mwambie namwomba radhi.

Mdogo wako akupendaye,
Poldi