Nakala Niliyoiweka Ndani

Dada yangu mpendwa,

Kabla hata sijakujulia hali, pokea neno ambalo sijamwambia mtu mwingine: kazi ya Babu Waya ya miaka kumi na sita niliifuta mimi. Sasa ndiyo naweza kukusalimu. U mzima? Kifua kimepoa? Sisi huku ni wazima wa mwili. Baba na mama wanakusalimu sana.

Nilikuandikia kwamba nimepata kazi kwenye bohari ya dawa, chini ya Babu Waya, fundi wa seva ya barua pepe. Wanamwita hivyo kwa vipande vya waya vinavyojaa mfukoni mwake. Seva, ile kompyuta inayopokea na kugawa barua zote za ofisi, iko kwenye kijichumba nyuma ya ngazi. Ndani yake alikuwa ameandika kanuni zake mwenyewe, mojamoja: barua za zahanati hii ziende kwa mtunza stoo, zile zinazotumwa kwenye anwani yetu ya zamani zipokelewe vilevile.

Mwezi uliopita meneja alitaka kalenda ya pamoja na orodha moja ya anwani kwa ofisi nzima, ziongezwe juu ya seva ileile. Siku hiyo Babu Waya alikuwa na miadi ya macho, akaniachia kazi. Alinisisitizia: binti yangu, nakala kwanza, mikono baadaye. Niliweka nakala ya kanuni zake, dada, lakini niliiweka ndani ya folda ileile ya mipangilio. Programu mpya ya kalenda ikauliza kama isafishe folda ianze upya. Nikadhani inazungumzia mabaki yake yenyewe. Nikakubali, kanuni na nakala yake vikafutika pamoja.

Kalenda ikatokea, ina rangi nzuri, watu wakanipigia makofi. Mtunza stoo akatania kwamba kifaranga cha jana kimemfundisha jogoo kuwika.

Baada ya siku tisa zahanati zikaanza kupiga simu kwa hasira. Maombi yao ya dawa hayakumfikia mtu. Zahanati moja ilikuwa imewarudisha wagonjwa wa kisukari nyumbani mikono mitupu.

Babu Waya alizitafuta kanuni zake hadi shati likalowa. Aliniuliza mara moja tu, kwa upole, kama niliweka nakala. Nilimjibu kwamba niliweka, ila kanuni hizo hazikuwemo tangu mwanzo. Akasema huenda aliota tu kwamba aliziandika, uzee umeanza kumla kichwa. Akaenda mwenyewe kwa meneja kujishtaki. Meneja alimwambia apumzike nyumbani, na sote tulielewa maana yake.

Sasa kiti chake nakikalia mimi. Nimeweza kurudisha kanuni nne. Zilizobaki hakuna azijuaye.

Jana mke wa Babu Waya alikuja kumlilia mama. Alisema mzee hagusi tena redio za majirani alizokuwa akizitengeneza, anaogopa ataziharibu. Kila asubuhi anauliza mara tatu kama jiko limezimwa. Majina ya wajukuu ameyaandika kwenye karatasi, ameyabandika ukutani. Dada, yule mzee hana ugonjwa wowote. Ameniamini mimi, basi.

Nimefika mlangoni kwake mara mbili. Zote mbili nikageuka nikarudi bila kubisha hodi. Sidhani kama nitaweza.

Nisalimie shemeji na mtoto. Nakusihi, usimwambie mama, wala baba, wala Babu Waya mwenyewe. Ukimaliza kusoma barua hii, ichane. Neno hili libaki kati yetu wawili.

Ni mimi mdogo wako.